Mwisho Ambao Sikuuandika

Nilipenda kushika pini mdomoni. Mafundi wengine huzichomeka kwenye kimto kidogo wanachofunga mkononi, na mimi ninacho, Shangazi Zaitun alinishonea mwenyewe. Lakini nikiwa na pini tano mdomoni hakuna anayenitaka niseme. Mteja akiuliza natikisa kichwa. Akisimulia nasikiliza. Ndivyo nilivyoishi miaka minne katika duka la shangazi yangu pale Kasulu mjini, na ndivyo nilivyopata hadithi zangu zote.

Maana mtu akipimwa husema. Ukimzungushia futi kiunoni kuna kitu ndani yake kinalegea. Mwanamke atavuta tumbo ndani, atacheka, kisha atakuambia kwa nini gauni lazima limkae vizuri Jumamosi, na nani atakuwepo hiyo Jumamosi. Mimi narudi kwenye meza ya kukatia na daftari la vipimo. Bega kumi na sita. Kifua thelathini na nane. Na chini yake, kwa herufi ndogo: *Amesema atampenda hata kama anakoroma kama mashine ya kusaga.*

Shule niliishia darasa la tano, kule Kibondo, mwaka mama alipougua. Baba yangu, mzee Hilali, alikuwa na duka dogo la chumvi na sukari, na alifungia bidhaa kwa kurasa za magazeti ya zamani. Humo nilijifunza kusoma hadithi za mapenzi. Lakini kila ukurasa ulikuwa umekatwa. Kijana anamfuata msichana mpaka kisimani, anafungua kinywa, basi, karatasi imeisha, kilichobaki ni sukari. Nilikaa mlangoni nikitazama ukungu ukishuka vilimani, nikimtafutia yule kijana maneno ya kusema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwanzo wa hadithi ulikuwa wa watu wengine, lakini mwisho ulikuwa wangu.

Nayasema haya ili uelewe kwa nini nilikasirika vile, Jumatano ile ya mwezi wa kumi, mwaka 2014.

Ange alikuwa anasoma kwa sauti. Ange ndiye rafiki yangu, mwenye saluni ya kusuka mlango wa pili. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa huku huku, na amekulia kwenye kwaya. Hata akinong'ona, mwenye duka la ng'ambo anageuka. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba ninaandika. Nikimaliza hadithi, yeye ndiye anayeipeleka kwa Mansuri, mwenye steshenari karibu na soko, na Mansuri anaichapa kwenye kompyuta na kutoa kopi. Kopi zinakaa saluni. Wanawake wanasoma wakisukwa, wanacheka, wanaondoka nazo. Nilishasikia zimefika Kabanga, zimefika Gwarama. Mansuri alipouliza mwandishi ni nani, Ange alimjibu kwamba ni binamu yake, yuko Kakonko, hapendi watu. Basi mwandishi akaitwa Dada wa Kakonko.

Hadithi yenyewe ilimhusu Bahati, kijana mwenye haya, anayempenda fundi cherehani aitwaye Sikitu. Hawezi kumwambia. Kila wiki anampelekea suruali yake ya kijivu. Jumatatu inambana, iachiwe. Alhamisi inampwaya, ibanwe. Mwisho nilioandika mimi ulikuwa hivi: Bahati anamwoa mwalimu wa Kibondo aliyechaguliwa na mama yake, Sikitu anashona suti ya harusi, na kwa hasira anashona mifuko yote ikafungika. Bwana harusi anahangaika mbele ya watu kutoa kitambaa cha kufutia jasho, mkono hauingii. Watu wacheke, warudi nyumbani.

Nilikuwa nimepiga magoti nikipinda gauni la Mama Kipriani, aliyekuja na nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, Ange alipofika ukurasa wa mwisho.

"'Basi la Kibondo lilipofika Kabanga,'" Ange akasoma, "'Bahati akamwambia konda, nishushe. Mama yake akauliza, umesahau nini? Akasema, nimesahau kusema. Akashuka na mfuko wake wa plastiki mkononi, akarudi Kasulu kwa miguu. Alipofika dukani viatu vilikuwa vyekundu kwa udongo. Sikitu akasema, suruali ina nini tena leo? Bahati akaitoa mfukoni, akaiweka mezani, akasema, suruali hii haina tatizo. Haijawahi kuwa na tatizo. Mwenye tatizo ni mimi.'"

Pini ilinichoma mdomo.

"Yoo, mawe!" Mama Kipriani akamwita mama yake kwa Kiha, akapiga makofi, pindo likaponyoka mikononi mwangu. "Mwanaume huyo yuko wapi? Nitoke na nywele hizi hizi nikamtafute."

"Wewe una mume," Shangazi Zaitun alisema kutoka kwenye cherehani.

"Mume ninaye, shangazi. Mwanaume wa kurudi kwa miguu kutoka Kabanga ndiye sina."

Wakacheka. Kisha wakanyamaza, wote watatu, na huo ukimya ndio ulioniuma zaidi. Mama Kipriani alikuwa anatazama mlangoni kama mtu anayemngoja aliyesema anakuja. Ange mwenyewe alijifuta jicho kwa kiganja. Hadithi zangu ziliwahi kuwachekesha watu mpaka wakaangusha vitana. Hazikuwahi kuwanyamazisha.

Nilitema pini, nikainuka, nikamnyang'anya Ange karatasi.

"Tunu weee, taratibu!"

Nikasoma. Halikuwemo hata neno moja langu.

"Umempa karatasi zipi?" nilimnong'oneza.

"Zile zile ulizonipa. Kwani kuna nini? Mwisho mzuri hivi, nimelia mimi."

Nikavaa mtandio, nikatoka.

* * *

Anga la Kasulu siku hiyo lilikuwa limeshuka chini, mawingu yamelalia vilima vya Heru, na harufu ya vumbi linalongoja mvua ilikuwa kila mahali. Nilitembea upesi nikiyapanga maneno. Nilikuwa nayo mengi. Nilipofika kwenye mlango wa steshenari yalibaki mawili.

Mansuri alikuwa peke yake, anafuta mashine ya fotokopi kwa kitambaa, polepole, kama anayemwosha mtoto uso. Shati lake alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alivaa suruali ya kijivu.

"Karibu, fundi," alisema, akatabasamu. "Suruali nyingine iko tayari?"

"Sikujia suruali."

"Basi keti."

"Siketi. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Dada wa Kakonko."

Akaweka kitambaa chini, akainamisha kichwa kwa adabu, kama aliyetajiwa mkwe. "Hajambo?"

"Hajambo. Amekasirika."

"Habari zimefika Kakonko upesi. Kopi nimetoa leo asubuhi."

"Amepigiwa simu."

"Ahaa." Akavuta kiti, akakaa, mikono juu ya magoti. "Anasemaje?"

"Anauliza nani alikuruhusu." Nilikuwa natazama kalenda ukutani, si yeye. "Anasema yeye huandika polepole. Neno moja hulitafuta tangu asubuhi mpaka mchana. Wewe unaketi hapo na vidole kumi, unafuta. Anasema hujui. Mtu aliyekua akiokota hadithi zilizokatwa, akakaa mlangoni akazitafutia mwisho, ule mwisho ni wake, kaka Mansuri. Ndicho kitu pekee alicho nacho. Shule sina, cheti sina, lakini mwisho…"

Nikasita.

"Shule hana," nilisema.

Mansuri hakucheka. Laiti angecheka, ningemchukia, na mambo yangekuwa mepesi. Aliinuka, akasimama mbali kidogo nami, na uso wake ukawa wa mtu anayeumia kweli.

"Nimekosa," alisema. "Mwambie nimekosa. Kitambaa cha mtu hakikatwi bila kumuuliza mwenyewe. Hilo nalijua, na bado nilikata."

"Basi kwa nini?"

Akafungua mtoto wa meza. Akatoa kurasa zangu, zile nilizozichana kwenye daftari la vipimo wiki mbili nyuma, siku Ange alipokuwa ananiharakisha mlangoni. Siku zote nilinakili upya kwenye daftari safi. Siku ile daftari safi lilikuwa limeisha.

"Geuza," alisema.

Nikageuza. Nyuma ya ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu, na chaki ya bluu imepakaa pembeni:

*Mansuri. Kiuno 32. Paja 24. Urefu 43. Mguu wa kushoto ongeza nusu inchi.*

Nadhani damu yote ya mwilini ilipanda masikioni.

"Mama aliyenizaa hajui kwamba mguu wangu wa kushoto umezidi nusu inchi," Mansuri alisema taratibu. "Mwalimu aliyenifundisha gwaride hakujua. Tuko wawili tu duniani tunaojua, Tunu."

Hakusema fundi. Hakusema dada. Alisema Tunu, na jina langu likasikika kama nguo iliyopigwa pasi muda huo huo, yenye joto bado.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa ukijua kwamba najua, utaacha kuandika. Na mimi siku zangu zote huwa nangoja Ange aingie na daftari. Nikawa nachapa polepole, niifurahie. Halafu nikafika mwisho. Nikakuta unaniozesha."

"Sikukuozesha. Ni Bahati."

"Bahati ana suruali ya kijivu, Tunu."

Sote wawili tukaitazama suruali. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikafunika mdomo kwa mtandio.

"Jumamosi mama anakwenda Kibondo kupeleka posa," alisema.

"Najua. Gauni lake nalishona mimi."

"Nimemwambia sitaki. Akaniuliza, basi unamtaka nani? Nimtajie nani? Nimtaje mtu ambaye kwa miaka miwili hajaniambia chochote zaidi ya 'inua mkono', 'geuka', 'njoo Alhamisi'?"

Nje tone la kwanza liligonga bati. Kisha la pili. Halafu mvua yote ikaja kwa pamoja, na duka likawa giza la kijivu, laini, lenye harufu ya wino na udongo. Alikuwa ananitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Wateja hujitazama kwenye kioo, fundi hawamwoni. Mansuri alinitazama kama anayesoma, polepole, hataki kufika chini ya ukurasa.

"Kwenye daftari unawasemesha watu wote," alisema. "Hata mbuzi wa jirani uliwahi kumpa maneno. Mbona wewe husemi?"

Nilifungua kinywa. Wallahi nilifungua. Na kama zile karatasi za sukari za baba, pale pale pakakatika.

Akangoja. Mvua ikangoja naye. Mwishowe akakunja zile kurasa vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kesho Alhamisi, keshokutwa Ijumaa," alisema. "Niletee mwisho unaoutaka wewe. Nitauchapa ulivyo, hata mkato sitaugusa. Ukiniletea ule ule wako, nitauchapa. Nami nitavaa suti, na mifuko unaweza kuishona."

Nilitoka kwenye mvua nikiwa nimezificha karatasi kifuani, chini ya mtandio. Hazikulowa. Mimi nililowa mpaka mifupa.

* * *

Alhamisi kutwa niliandika, yaani nilikaa mbele ya karatasi ya kaki tunayokatia mifano ya nguo, kalamu mkononi. Niliandika *Bahati akasema*. Nikafuta. Niliandika *Sikitu akasema*. Sikitu hakusema kitu. Niligundua siku hiyo, kwa aibu, kwamba katika hadithi nzima Sikitu huongea na kila mtu isipokuwa Bahati.

"Umeharibu karatasi ya nne hiyo," Shangazi Zaitun alisema bila kuinua macho.

"Nisamehe, shangazi. Napanga gauni."

"Gauni lenye maneno?" Akasimamisha cherehani. "Mwanangu, karatasi zangu za kaki huisha kila wiki mbili. Mwanzoni nikasema ni panya. Lakini panya hajui kuandika *moyo*."

Nikainama juu ya meza, nikaficha uso kwenye mikono. Akaja akanishika kichwa, akaanza kuzichambua nyuzi zilizonasa kwenye mtandio wangu.

"Mimi hadithi nazipenda," alisema. "Naogopa jambo moja tu. Yule mama wa Bahati. Yule anayepima maharage kwa mizani kabla hayajaingia chunguni, na kuyapima tena yakiiva aone nani kaonja, halafu kila siku anakuta yameongezeka uzito anamshukuru Mungu kwa baraka. Tunu. Kasulu hii yote ni nani anapima maharage ndani ya nyumba yake?"

"Bi Safina," nilisema ndani ya mikono.

"Mama yake Mansuri. Mteja wangu wa miaka ishirini. Na unakumbuka alivyosema mwezi wa saba, nilipomtania kwamba mkwe yuko hapa hapa?"

Nilikumbuka. Nilikuwa chini, kwenye upindo wake, pini mdomoni. Alisema: *Mansuri wangu amemaliza chuo, Zaitun. Simtoi chuoni nikamshushe darasa la tano, hata kama mkono wa binti ni wa dhahabu.* Hakusema kwa ubaya. Alidhani fundi hasikii, kama wateja wote wanavyodhani.

"Basi waache wachape lolote," Shangazi alisema. "Dada wa Kakonko abaki Kakonko. Utaishi salama."

Alisema kwa upendo. Na kwa muda wa chai moja nilikubaliana naye kabisa.

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi Bi Safina akaja kujaribu gauni. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya usiku, barabara inafuka moshi mwembamba, na mwanga ulioingia mlangoni ulikuwa wa njano kama chai ya maziwa. Bi Safina huuza maharage na mchele sokoni. Ni mnene, mzuri, na hutembea kama mtu ambaye njia imefagiliwa kwa ajili yake.

"Mwakeye," alitusalimu kwa Kiha, kisha akacheka mwenyewe, maana yeye kwao Ujiji na Kiha chake ni cha sokoni.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nivishe. Kesho saa kumi na mbili niko ndani ya basi."

Nikamvisha. Lilikuwa la rangi ya zambarau, lenye mikono mipana. Akapanda juu ya kibao, nami nikapiga magoti na pini zangu tano. Ange alikuwepo, amekuja kuomba pasi, hakuondoka.

"Ange, njoo hapa," Bi Safina alisema. "Nimesoma ile karatasi yako. Jana nimemaliza." Akaivuta kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nane. "Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Halafu mwisho ule! Kijana kushuka garini, kumwacha mama yake mzazi na mfuko wa karanga! Nilikasirika. Kisha nikalala, nikaamka alfajiri, bado namfikiria. Huyo binamu yako wa Kakonko amesoma wapi?"

Ange alinitazama. "Sijui, mama. Mbali."

"Inaonekana. Huyo ni wa chuo kikuu. Mtu hawezi kujua mioyo ya watu hivi bila kusoma sana." Akajinyoosha kwenye kioo. "Mungu anisamehe, lakini huyo angekuwa hapa jirani, nisingepanda basi kesho. Ningemposea Mansuri leo leo."

Cherehani ya Shangazi ikanyamaza.

Nilikuwa nimeshika pindo la zambarau kwa vidole viwili. Niliona viatu vya Bi Safina, na udongo mwekundu kidogo kwenye visigino. Nikakumbuka viatu vya Bahati. Mtu alikuwa ameniandikia kijana anayerudi kwa miguu, ameuacha mlango wazi, na mimi ndani ya duka sina hata neno la kumpokelea.

Nikatoa pini ya kwanza mdomoni, nikaichomeka kwenye kimto cha mkononi. Ya pili. Ya tatu. Ange akashika kifua. Ya nne. Ya tano.

"Mama," nilisema. "Ni mimi."

"Wewe nini, mwanangu?"

"Ninayeandika."

Bi Safina akatazama chini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu anifahamu. "Wewe? Wewe si uliishia…"

"La tano. Kibondo. Sikumaliza."

"Ego, ndiyo, ni yeye, mama," Ange akadakia, sauti imemponyoka. "Mimi sina binamu Kakonko. Sina mtu yeyote Kakonko."

"Nyamaza wewe." Bi Safina hakuniondolea macho. Akashuka kwenye kibao, gauni likimwaga pindo sakafuni, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Basi niambie, mwandishi. Yule mama wa maharage. Yule mwenye mizani. Umemtoa wapi?"

Shangazi Zaitun alifumba macho. Nilijua naweza kusema Kakonko. Naweza kusema ndotoni. Kinywa changu kilikuwa kitupu, hakina pini hata moja.

"Kwako, mama," nilisema. "Nilikuwa nakupima bega, mwaka juzi. Ulisimulia mwenyewe kwamba maharage yameongezeka, na ukasema Alhamdulillahi. Nilikupenda siku ile. Ndiyo maana nilikuandika."

Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, ikaenda zake.

"Siku tatu," Bi Safina alisema mwishowe, "nimekuwa nikimcheka yule mama. Nikisema, masikini, kuna wanawake wajinga hapa duniani." Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Akajifunika uso kwa mkono mpana wa gauni, na kicheko kikamtoka, kizito, cha tumboni, mpaka kiti kikalia. Ange akamfuata. Mimi sikuthubutu.

Akajifuta machozi, akawa yeye tena.

"Kuna jambo hukuliandika," alisema. "Kijana ameshuka garini. Mama yake je? Amebaki kwenye kiti na karanga zake. Alisema nini?"

"Bado sijui, mama. Hajasema."

"Hm." Akaikunja ile karatasi, mara moja, mara mbili, mpaka mara nane, akairudisha kwenye mkoba na kuufunga. Akapanda tena juu ya kibao, akajinyoosha mbele ya kioo, akanionyesha pindo kwa kidole. "Haya, endelea. Ila pinda taratibu. Gauni hili halina haraka tena."

Nikapiga magoti. Nikachomoa pini ya kwanza kwenye kimto. Niliisikia cherehani ya Shangazi ikianza upya, polepole, halafu ikaenda.

"Na yule mwanangu," Bi Safina alisema juu yangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. "Miaka miwili nafua suruali zake, miaka miwili naziona zikienda na kurudi. Wewe ndiye fundi wake. Suruali hizo zina nini?"

Mlangoni jua lilikuwa limefika hadi kwenye meza ya kukatia, juu ya karatasi ya kaki, pale nilipoandika *Sikitu akasema* na kuacha wazi.

"Hazina tatizo, mama," nilisema. "Hazijawahi kuwa na tatizo."